Je, wajua kwa nini alama ya kufuli kwenye kivinjari haizuii programu ya ujasusi?

Watu wengi wakitaka kujua kama tovuti ni salama huangalia alama ya kufuli juu ya ukurasa. Wakiiona, huandika nenosiri bila wasiwasi. Kufuli hilo lina kazi yake: taarifa zinasimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka, kabla ya kutoka kwenye kompyuta, hivyo anayezinasa njiani haambulii kitu. Lakini programu ya ujasusi (spyware), ile inayokupeleleza kisirisiri, haivizii njiani. Imo ndani ya mashine yako, mahali ambapo maneno yako bado yako wazi.

Fuatilia herufi moja tu. Ukibonyeza "m" kwenye kibodi, ishara yake hupokewa kwanza na mfumo endeshi (kama Windows), nao huikabidhi kwa kivinjari. Kivinjari hukusanya herufi zako, na ukishabonyeza kitufe cha kuingia ndipo huzisimba na kuzituma. Programu ya kunasa vibonyezo huiwahi "m" hiyo kabla haijasimbwa, ikainakili, kisha ikaiacha iendelee. Kwenye skrini huoni tofauti yoyote. Baadaye nakala hutumwa kwa mwenye programu, na mara nyingi nayo husimbwa vilevile kama mawasiliano yako halali.

Programu inayofunga faili na kudai fidia hujitangaza yenyewe, maana inataka ulipe. Ya ujasusi huvuna zaidi kadiri inavyochelewa kujulikana. Kwa hiyo zile dalili tunazoambiwa kila siku, kompyuta kuwa nzito au matangazo kuibuka ovyo, zinasaidia kuzikamata zilizotengenezwa hovyo. Iliyoundwa kwa ustadi inaweza isionyeshe dalili hata moja.

Tena si lazima iibe nenosiri. Ukishaingia kwenye akaunti, tovuti huweka kidakuzi (cookie), data ndogo ya kukutambua, kwenye kivinjari ili usiulizwe upya kila unapofungua ukurasa. Mwizi akikinakili na kukipachika kwenye kivinjari chake, tovuti nyingi humpokea kana kwamba ni wewe. Ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu haiombwi, kwa kuwa kwa hesabu za tovuti umeshaingia. Naona hili halisemwi vya kutosha, na wengi hudhani namba hiyo inawakinga na kila kitu.

Huingiaje? Mara nyingi mtumiaji huisakinisha mwenyewe: programu ya kulipia iliyovunjwa kinga yake na kugawiwa bure, kiambatisho cha barua pepe, au kiendelezi cha kivinjari (programu ndogo ya kuongezwa humo) kinachoomba ruhusa ya kusoma kila tovuti unayofungua.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mtumiaji kila mara. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, zikiwekwa kwenye kompyuta ya Windows, zilisakinisha programu ya kudhibiti unakili. Programu hiyo ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza na "$sys$", na ni mtaalamu Mark Russinovich aliyeifichua. Haikuchukua muda, watunga programu hasidi wakaanza kuzificha zao kwa kutumia jina hilohilo. Mwaka 2019 nako, Pegasus, programu ya kampuni ya NSO Group ya Israel, ilielekezwa kwenye vifaa vya watu wapatao 1,400 kwa kupitia upigaji simu wa WhatsApp. Hata ambaye hakupokea simu hiyo aliweza kuambukizwa. Hapo mtumiaji angejihadhari vipi? Kinga yake ilikuwa sasisho lililoziba tundu hilo, ndiyo maana kuahirisha masasisho ni hatari kuliko inavyoonekana.

Ukishuku kwamba kompyuta yako inapelelezwa, usibadilishe nenosiri ukiwa kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa sababu jipya nalo litanaswa. Tumia kifaa kingine unachokiamini, na uanze na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayorejesha akaunti nyingine nyingi. Kisha ziondoe akaunti zako (log out) kwenye vifaa vyote ili vidakuzi vya zamani vife. Kompyuta yenyewe isakinishiwe mfumo endeshi upya kabla ya kuandika humo nenosiri lolote.