f/2.8 isiyobadilika: maana yake kwenye lenzi ya zuumu

Igeuze kamera yako lenzi ikutazame, kisha soma maandishi yanayozunguka kioo cha mbele. Kama ni lenzi iliyokuja ndani ya boksi pamoja na kamera, aghalabu utakuta 18-55mm 1:3.5-5.6. Wengi wetu tulipokuwa tunanunua kamera tuliangalia hiyo 18-55 tu, kujua inavuta karibu kiasi gani, basi. Kwa mtu anayepiga picha ndani, iwe sebuleni, ukumbini au kanisani jioni, habari kubwa iko kwenye tarakimu zinazofuata, na hasa ile ya mwisho.

Tarakimu hizo zinaeleza tundu linalopitisha mwanga. Ndani ya lenzi kuna vibati vyembamba vinavyojikusanya na kujifungua, na uwazi vinaouacha katikati ndio tundu lenyewe. Tarakimu hizo huitwa namba ya f, ndiyo maana 1:3.5 huandikwa pia f/3.5. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (zile milimita 18 mpaka 55) kwa upana wa tundu hilo, kama linavyoonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, jambo linalowachanganya wanaoanza. Fanya hesabu mwenyewe: 55 gawanya kwa 5.6 unapata kama milimita 10, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Gawanya 55 kwa 2.8 unapata karibu milimita 20, upana wa kidole gumba. Upana umeongezeka mara mbili, lakini eneo la duara limeongezeka mara nne, na mwanga unaoingia ni mara nne.

Sasa irudie ile 3.5-5.6. Maana yake ni kwamba lenzi ikiwa imefunguka kabisa upande wa 18, inafika f/3.5. Ukianza kuvuta, namba ya f inapanda polepole, na ukifika 55 imekuwa f/5.6, hata kama hujagusa kitu kingine. Mwanga uliokuwa nao mwanzo umeshuka chini ya nusu. Nje saa nne asubuhi hutagundua. Ukumbini saa tatu usiku utagundua.

Mimi niligundua kwenye sendoff ya kwanza niliyopewa kupiga. Nilisimama karibu na meza za nyuma, nikavuta mpaka 55, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1600, na kamera ikachagua spidi ya shata, yaani muda inaopokea mwanga, ya 1/25 ya sekunde. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameketi ametulia, akatoka vizuri. Mama yake alikuwa anakuja mbele akicheza, ameshika khanga mpya kwa mikono miwili juu ya kichwa. Kwenye picha khanga ilikuwa wingu la rangi ya machungwa, vidole havipo, na uso wake umevutika kama ulipanguswa kwa kitambaa kibichi. Nilipompelekea albamu alizipekua mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, mbona mimi sionekani?" Sikuwa na jibu siku ile. Jibu lilikuwa kwenye duara la lenzi: kwa f/2.8, palepale niliposimama, kwa ISO ileile, shata ingekuwa 1/100. Mtu anayecheza taratibu kwa 1/100 uso wake unatoka.

Hiyo ndiyo maana ya f/2.8 isiyobadilika. Lenzi imeandikwa 1:2.8 peke yake, bila kistari na namba ya pili, kwa sababu namba ya f ni ileile mwanzo wa zuumu mpaka mwisho. Ukishapanga mwanga wako kwa mkono, unavuta na kurudisha bila picha kubadilika weusi. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: kamera nyingi hutafuta fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, lenzi ikiwa imefunguka kabisa, kwa hiyo lenzi yenye tundu kubwa huipa kamera mwanga zaidi wa kuonea. Ile hali ya lenzi kwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta uso wa mtu gizani hupungua.

Hapa lazima niseme kuhusu kizuia mtikisiko, maana ndicho kinachowaponza wengi. Canon hukiita IS, Nikon VR, Tamron VC, Sigma OS. Muuzaji atakwambia lenzi ndogo ya f/5.6 yenye VR inatosha kwa usiku. Inatosha kwa madhabahu, kwa keki kabla haijakatwa, kwa ukumbi uliopambwa watu hawajaingia. Kizuia mtikisiko hutuliza mikono yako wewe; hakimtulizi mama anayecheza. Kwa watu wanaosogea kinachosaidia ni mwanga mwingi na shata ya haraka, na kama fleshi hairuhusiwi au itaharibu shughuli, mwanga huo utatoka kwenye tundu.

Kwa hiyo lenzi moja ya kuzunguka nayo, ya ndani na mwanga hafifu, iwe ipi? Kwa kamera nyingi tunazoanzia, zenye kihisi (kile kinachopokea picha ndani ya kamera) kidogo cha APS-C, mimi husema 17-50 au 17-55 ya f/2.8, wala si 24-70 ambayo watu huitamani kwa sababu ya jina. Kihisi hicho hukata pembeni: zidisha kwa 1.5 kwa Nikon na Sony, 1.6 kwa Canon. Milimita 24 inageuka kama 36 au 38. Sasa ingia sebule ya kawaida yenye makochi, kabati la televisheni na ndugu kumi na wawili waliokuja kumuona mtoto. Unarudi nyuma, unarudi nyuma, mgongo unagota ukutani, na shangazi bado hayumo kwenye fremu. Ndani ya nyumba upana hukuokoa mara nyingi kuliko kuvuta.

Za kundi hili zipo za muda mrefu na hupatikana zilizotumika. Canon 17-55 ilitoka 2006, ni nzuri na nzito, gramu 645. Tamron 17-50 nayo ilitoka 2006, nyepesi, bila kizuia mtikisiko. Yenye VC ikafuata 2009. Sigma 17-50 ilitoka 2010. Mwenye Nikon za D3000 au D5000 na ndugu zake awe mwangalifu: kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani ya mwili, na Tamron 17-50 za mwanzo za Nikon nazo hazina mota, kwa hiyo utazungusha fokasi kwa mkono usiku kucha. Kwa kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani, Sigma 18-50 ya 2021 ni ndogo ajabu, chini ya gramu 300, na Tamron 17-70 inakupa kuvuta zaidi.

Usiitegemee f/2.8 kwa kila kitu. Tundu likiwa wazi hivyo, sehemu iliyo kali mbele na nyuma ni nyembamba. Picha ya ukoo wenye safu tatu inaweza kukupa safu moja kali na mbili zenye ukungu. Hapo funga mpaka f/5.6 na utumie fleshi. Na pakiwa na mishumaa tu, hata f/2.8 ni kidogo. Lenzi ya 50mm f/1.8, isiyo na zuumu na mara nyingi ya bei nafuu, huingiza mwanga zaidi ya mara mbili. Mimi hutembea nayo mfukoni.

Kuhusu ile 1/100, kuna sababu nyingine ya kuipenda. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za mirija na LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500 ukumbini unaweza kupata mistari ya giza na njano ikikatiza gauni jeupe. Kwa 1/100 shata huchukua mpepeso mzima, na mistari huondoka.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na kamera yako na tochi ya simu. Mulika lenzi kwa nyuma huku ukitazama kwa mbele: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa hewa yetu ya pwani, Dar, Mombasa au Unguja, hilo ni jambo la kawaida. Iache. Kisha weka f/2.8, vuta mpaka mwisho, umpige muuzaji mwenyewe akiwa ndani ya duka kwenye kivuli, ukuze picha mpaka uone kope. Kope zikihesabika, anza kuongea bei.