Seli za NK na VVU: maswali ya kikundi chetu

Dada mmoja wa kikundi chetu cha WAVIU (watu wanaoishi na VVU) alikuja na kopo la unga wa kijani. Karatasi iliyobandikwa juu yake ilisema unga huo "unaamsha seli za NK", na kwamba mwenye VVU akiutumia miezi mitatu anaweza kupumzika ARV. Alikuwa amelinunua kwa hela ya kodi ya chumba. Niliumia sana. Mimi ni mtu wa maabara, basi tukakaa kwenye benchi la nje na wenzake, maswali yakaja mfululizo hadi giza likaingia. Nayaandika hapa kwa sababu nina hakika kopo lile limeshabisha hodi kwenye nyumba nyingine nyingi.

Hizo seli za NK zipo kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Zipo. Ni aina ya chembe nyeupe za damu, na kila mtu anazo tangu kuzaliwa. Mwaka 1975 watafiti wa Sweden na Marekani, waliokuwa wakichunguza saratani kwa kutumia panya, waliona chembe fulani zinaua seli za saratani bila kufundishwa kwanza. Ndipo zikaitwa seli uaji asilia. NK ni kifupi cha jina lake la Kiingereza, natural killer. Katika kila limfosaiti 100 (kundi la chembe nyeupe ambamo NK zimo) zinazozunguka kwenye damu ya mtu mzima, NK ni kama 5 hadi 15.

Mbona kliniki wanatuhesabia CD4 tu?

Kwa sababu CD4, chembe nyeupe zinazoongoza kinga, ndizo VVU vinazoziingia na kuziangamiza, kwa hiyo idadi yake inaonyesha kinga imeshuka kiasi gani. Idadi ya NK haibadilishi chochote katika dawa utakayopewa.

NK inajuaje seli ya kuua na ya kuacha?

Hapa niwie radhi nitarefusha, maana ndipo penye utamu wa somo lenyewe.

Karibu kila seli ya mwili wako imebeba juu ya utando wake protini zinazoitwa HLA. Zichukulie kama kitambulisho kilichoning'inia shingoni. NK hupita mtaani kama sungusungu wa usiku, ikigusa seli moja hadi nyingine. Nayo ina vipokezi vya aina mbili: vingine ni breki, vingine ni vya kukanyaga mafuta. Ikigusa seli yenye kitambulisho, breki inashika, inapita zake. Ikikuta seli isiyo na kitambulisho, au iliyotoa nje alama za kwamba ndani mambo yameharibika, breki inaachia. Mswidi Klas Kärre ndiye aliyeifafanua kanuni hii ya kitambulisho kilichokosekana, miaka ya 1980.

Kinachofuata kinaonekana kwa hadubini. NK inajibana na seli ile, ubavu kwa ubavu. Vifuko vidogo vilivyotawanyika ndani yake vinasogezwa vyote upande ule wa mguso. Vinafunguka na kumimina perforini, protini inayotoboa utando wa seli iliyokamatwa, na granzaimu, vimeng'enya vinavyopita na kuiamrisha seli ile ijiue. Inajikunja na kumeguka vipande. NK inajibandua, inaenda kutafuta nyingine.

Inazo njia nyingine mbili. Kingamwili zikishaigandia seli yenye virusi, NK huzishika mkiani kwa kipokezi kinachoitwa CD16 na kuua seli hiyo. Pia hutoa kemikali zinazoziba CCR5, mlango ambao VVU vingi huutumia kuingilia kwenye CD4.

Kama ni kali hivyo, VVU vinazishindaje?

Kwa ujanja wa vitambulisho. VVU vina protini moja ndogo iitwayo Nef. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, Nef inavuta ndani vitambulisho vya HLA-A na HLA-B. Hivyo ndivyo seli za CD8, kikosi kingine cha kinga, hutumia sana kutambua seli iliyoambukizwa. Kwa hiyo CD8 zinapita bila kuona kitu.

Sasa utasema: si vizuri, kitambulisho kimeondoka, NK itashtuka? Ingekuwa hivyo kama Nef ingeondoa vyote. Lakini HLA-C na HLA-E haivigusi, na hivyo viwili vinatosha kukanyaga breki ya NK. Kirusi kinaficha karatasi ambazo CD8 inazisoma na kubakiza zile ambazo NK inazitaka. Nef inaficha pia baadhi ya alama za hatari ambazo zingeiamsha NK, na protini nyingine iitwayo Vpu inasaidia kazi hiyo hiyo. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado inanitisha kwamba kitu chenye jeni tisa tu kinaweza kufanya hivyo.

Hata hivyo NK hazikai kimya. Mwaka 2011 watafiti wa Boston walionyesha kwamba VVU hubadilika kulingana na aina ya vipokezi vya NK alivyorithi mgonjwa. Kirusi hakibadiliki kwa mpangilio huo bila kubanwa. Kama kinalazimika kujigeuza ili kuzikwepa, basi zinakibana kweli.

Siku za mwanzo kabisa za maambukizi, zinafanya nini?

Utafiti mmoja uliotupa picha nzuri ya siku hizo ulifanyika hapa kwetu, Mbeya, na pia Kericho, Kampala na Thailand. Unaitwa RV217. Watu wasio na VVU lakini walio katika hatari kubwa walikubali kuchomwa kidole mara mbili kila wiki, ili maambukizi yakitokea yakamatwe mapema. Fikiria uvumilivu wao: kila wiki, kidole, pamba, kidole, pamba. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Virusi vilipanda hadi kileleni takriban siku ya 13 tangu vionekane kwa mara ya kwanza, kwa wastani wa milioni 5 hivi katika mililita moja ya damu. Kisha vikashuka, na kufikia siku ya 42 vikatulia kwenye maelfu.

Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba katika siku hizo za kupanda, NK huongezeka mapema, kabla CD8 hazijafika idadi yake kubwa. Kipimo cha haraka cha kingamwili wakati huo kinaweza bado kusoma hasi. Mtu anahisi homa na mwili kuchoka, anadhani ni malaria, kumbe vita vimeshaanza.

Mtu akikaa miaka bila dawa?

NK zinachakaa. Virusi vikiwa vingi damuni wakati wote, kundi la NK zisizo na alama iitwayo CD56 linaongezeka. Ukiziangalia kwenye mashine zimo, zinahesabika, lakini uwezo wao wa kuua ni mdogo sana. Isitoshe, NK hutegemea ujumbe wa kemikali kutoka kwa CD4 ili ziwe na nguvu, na CD4 ndizo zinazokufa.

Mume wangu ana VVU na mimi kila nikipima sina. Ni NK zangu zinanilinda?

Mama aliyeuliza hili aliuliza kwa sauti ya chini, na ninamheshimu kwa kuuliza.

Ni kweli kwamba katika baadhi ya watu waliokutana na VVU mara nyingi bila kuambukizwa, kwa mfano huko Abidjan na Vietnam, watafiti wamekuta NK zenye tabia tofauti. Ni kweli pia kwamba mwaka 2002 watafiti wa Marekani waligundua kuwa wenye VVU waliorithi kipokezi cha NK kiitwacho KIR3DS1, pamoja na aina fulani ya HLA-B, walichelewa kufika kwenye UKIMWI. Kuchelewa, mama, si kupona. Na hakuna kipimo cha kliniki kinachoweza kukuambia wewe umelindwa.

Kinachokulinda kinajulikana. Mwenzio akimeza ARV kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hakuambukizi kwa kujamiiana. Utafiti wa HPTN 052, ambao Kisumu ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 96. Wewe nawe unaweza kuomba PrEP, dawa anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, hadi virusi vyake vifubae kabisa.

Nimesikia tumbili wana virusi hivi na hawaugui. Kweli?

Kweli. Wana SIV, ndugu wa VVU, wanaishi navyo damuni na kwa kawaida hawapati UKIMWI. Mwaka 2017 watafiti wa Institut Pasteur, Paris, walieleza sehemu ya sababu: kwa tumbili, NK huingia hadi katikati ya tezi za limfu, kwenye vifundo ambamo kwa binadamu virusi hujificha kwa sababu walinzi hawafiki kwa wingi. Walipozipunguza NK za tumbili hao, virusi vikapanda ndani ya tezi. Habari hii ndiyo inayowapa wanasayansi hamu ya kutafuta jinsi ya kuzielekeza NK zetu mahali hapo. Bado ni kazi ya utafiti, haijawa dawa.

Nikimeza ARV, NK zangu zinarudi?

Zinarudi kwa sehemu kubwa, polepole, kwa miezi na hata miaka. Virusi vikifubazwa, zile zisizofanya kazi zinapungua na zenye nguvu zinashika nafasi. Hazirudi zote kama za mtu asiye na VVU, na aliyeanza dawa mapema huwa na cha kuokoa zaidi.

Basi nikiacha dawa kidogo, NK zishike usukani?

Jaribio hilo limeshafanywa, si kwa NK peke yake bali kwa kinga nzima. Utafiti wa SMART ulikuwa na watu 5,472. Nusu waliendelea na dawa, nusu wakaacha CD4 zikiwa juu na kurudia zikishuka. Mwaka 2006 ulisimamishwa mapema, kwa sababu walioacha walipata magonjwa nyemelezi au kufariki zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Na ule unga?

Hakuna unga, chai wala kidonge cha dukani kilichothibitishwa kuzifanya NK zimalize VVU. Kama ni mboga zilizokaushwa na unapenda ladha yake, mwambie mhudumu wako kwanza, maana baadhi ya mitishamba hugombana na dawa. Na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, ukivimeza pamoja na dolutegravir, mojawapo ya ARV, tumbo likiwa tupu, hupunguza dawa inayoingia mwilini.

Siku ya kliniki niombe kipimo gani basi?

Uliza kipimo chako cha wingi wa virusi kimefanyika lini. Kinatakiwa miezi 6 baada ya kuanza dawa, tena ukifikisha 12, halafu kila mwaka, na uambiwe namba. Dada wa kopo aliuliza. Chake kilikuwa kimepitiliza miezi minne. Tulimtoa damu asubuhi iliyofuata, na vidonge vyake bado anameza.