Sekunde zilizokatwa mkia: tunayoyaamini kuhusu Excel na milisekunde

Kocha mmoja wa riadha alinijia Jumatatu moja na laptopu yake kwapani. Ofisi yangu iko Kaloleni, hapa Arusha, jirani na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na kazi yangu kubwa ni kuwasaidia wanafunzi wa vyuo na takwimu za tasnifu zao. Watu wa riadha huja mara chache, tena wakiwa wamekasirika.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Kijana, hii Excel imenila."

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, alikuwa amewapima mabinti wake kwa kifaa cha kuazima, kile kinachoandika saa kamili ambayo kila mkimbiaji amekatiza mwali wa taa pale mwisho. Kifaa kikatoa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye mistari kama 2025-03-08 07:15:32.481. Alipolifungua kwenye Excel akakuta 15:32.5. Mstari uliofuata nao 15:32.5. Tarehe haipo, saa haipo, na mabinti wawili ambao yeye kwa macho yake aliona mmoja katangulia, wamekuwa sare.

Tangu siku ile nimesikia dhana zilezile kwa watu wengi. Moja au mbili nilikuwa nazo mimi mwenyewe.

"Excel haijui milisekunde"

Inazijua hizo sehemu za elfu za sekunde. Kwa Excel, tarehe na saa ni namba moja tu: siku zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1900, na saa ikiwa ni kipande cha siku. Saa sita mchana ni 0.5. Sekunde moja ni 1 gawanya kwa 86,400. Kwa hiyo muda wa yule binti wa kwanza, ndani ya seli, ni 45724.3024592708. Milisekunde zake zote zimo humo. Namba za ukubwa huo kompyuta huzihifadhi kwa hatua ndogo kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde, na hata zile tarakimu 15 ambazo Excel inakubali kuzionyesha zinatosha na kubaki.

Kinachodanganya ni sura ya seli. Excel ikikuta saa yenye nukta, huivalisha fomati ya mm:ss.0, yaani dakika, sekunde na desimali moja. Binti wa kwanza alikuwa na .481, wa pili .522. Zikikadiriwa kwa desimali moja, zote ni .5. Bonyeza Ctrl+1, ingia Custom, andika yyyy-mm-dd hh:mm:ss.000, na wote wawili wanarudi kila mmoja na haki yake. Usijaribu sifuri nne baada ya nukta. Itakukatalia, mwisho ni tatu.

Ila ukibadili fomati iwe General utaona 45724.30246 kwa sababu General haionyeshi tarakimu zote. Kuna mwanafunzi aliwahi kunakili namba za namna hiyo kwa mkono kwenye karatasi, kisha akaziandika upya. Hesabu mwenyewe: hiyo ni 07:15:32.544. Milisekunde 63 zimezaliwa njiani.

"Nimefungua tu, sijagusa kitu"

Hii ndiyo inayomaliza data za watu.

Ni kweli kufungua hakuharibu. Tatizo linakuja unapofunga, Excel inakuuliza kama usevu mabadiliko, na wewe kwa heshima unajibu ndiyo. Faili la .xlsx, lile la Excel yenyewe, lina nafasi mbili, moja ya thamani na nyingine ya sura yake, hivyo ukisevu humo namba yote inabaki. CSV ni maandishi matupu. Haina pa kuweka sura, kwa hiyo Excel inaandika humo kile kinachoonekana kwenye seli. Mstari uliokuwa 2025-03-08 07:15:32.481 unaandikwa upya kama 15:32.5, na faili la zamani limefunikwa. Hakuna fomati itakayorudisha .481, kwa sababu haimo tena. Ukilifungua tena, Excel itadhani ni dakika 15 baada ya usiku wa manane.

Kocha alikuwa ameshasevu. Mara mbili.

Njia iliyonyooka ni kuiacha Excel nje kabisa: programu nyingine za kuchambua data, yaani R, Stata, SPSS na Python, zote zinasoma CSV zenyewe. Kama ni lazima upitie Excel, weka kwanza ile fomati yenye .000 kwenye safu nzima, ndipo usevu. Au tumia menyu ya Data kuingiza CSV, na safu ya muda uiambie ni Text tangu mlangoni.

"Basi ibadilishe iwe Text, yaishe"

Text tangu mlangoni, sawa. Text baada ya Excel kuishaitambua kama tarehe ni habari nyingine: seli inakutolea namba inayoanza na 45724 na mwanafunzi anapiga simu usiku kwamba data zake zimegeuka namba za ajabu. Ukitaka maandishi yenye tarehe kamili, tengeneza safu ya pembeni kwa fomula =TEXT(A2,"yyyy-mm-dd hh:mm:ss.000").

"R imenikatia milisekunde"

Uliza kwanza kama imezikata au imezificha. R huhifadhi muda kama sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na sehemu za sekunde zimo, ila ikichapisha inaonyesha sekunde nzima mpaka uiambie options(digits.secs = 3). Wakati wa kusoma maandishi, alama ya sekunde iwe %OS badala ya %S.

Hapo utakutana na kioja. Omba %OS3, yaani sekunde zenye desimali tatu, kwa yule binti wetu, na R inaweza kukuonyesha 32.480. Siyo kwamba imemwongezea kasi. Kompyuta haiwezi kuandika .481 kamili kwenye namba kubwa kiasi hicho. Iliyo karibu zaidi ni kama .48099995, na R ikifika kwenye tarakimu ya tatu haikadirii, inakata. Thamani iko salama. Ukitaka kuilinganisha na nyingine, toa tofauti ya namba zenyewe, usilinganishe maandishi yaliyochapwa.

"Stata haiwezi kukosea hesabu"

Haikosei, inatii tu. Stata huhesabu milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1960, na kwa Machi 2025 hiyo ni namba inayozidi trilioni mbili. Ukiandika generate, amri ya kutengeneza safu mpya, bila kutaja aina, Stata inakupa float, aina ya namba yenye tarakimu chache, na float kwenye namba kubwa namna hiyo inaruka kwa hatua za milisekunde 131,072. Hizo ni sekunde 131. Zaidi ya dakika mbili! Mbio nzima ya mita 400 inaweza kuingia ndani ya hatua moja, washiriki wote wakawa sare, na programu isikuonye kitu. Andika generate double, aina yenye tarakimu nyingi, kila mara, hata kama unaona ni uchovu.

Halafu kuna fomula maarufu ya kuhamisha muda wa Excel kwenda Stata, ile inayozidisha kwa 86400, inakadiria, ndipo inazidisha kwa 1000. Iangalie mpangilio wake: imekadiria hadi sekunde nzima kabla milisekunde hazijapata nafasi. Toa 21916 (namba ya Excel ya tarehe 1 Januari 1960), zidisha kwa 86400000, ndipo ukadirie. Na ili uzione, fomati iwe %tcHH:MM:SS.sss.

SPSS inahesabu tangu Oktoba 1582, mwaka wa kalenda ya Papa Gregori. Nayo mara nyingi inaficha desimali mpaka uziongeze kwenye fomati ya safu.

"Nusu sekunde si kitu"

Nilimwambia kocha hili nikijua atacheka, maana watu wa riadha wa hapa hawahitaji somo. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, Nyuzilandi, tarehe 2 Februari 1974. Muda wake 3:32.16. Nyuma yake John Walker, 3:32.52. Ikate desimali, wote wana 3:32, na Tanzania inagawana dhahabu.

"Milisekunde zikiwa sawa, muda uko sawa"

Si lazima. Kifurushi cha readxl, kinachoisaidia R kusoma mafaili ya Excel, huchukulia saa za Excel kuwa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiichapa kwa saa za Afrika Mashariki, 07:15 inakuwa 10:15, huku .481 imetulia mahali pake kama haihusiki. Na sisi tuna yetu ya nyumbani: karani aliyeandika kwenye daftari "saa 1:15" akimaanisha asubuhi. Kifaa kinasema 7:15. Unganisha hizo safu mbili uone.

Mambo ya kocha yaliisha vizuri kwa sababu moja tu, kadi ya kumbukumbu ya kile kifaa ilikuwa bado haijafutwa. Tukalisoma faili la awali moja kwa moja kwenye R. Tofauti ya mabinti wale ilikuwa sekunde 0.041, na aliyetangulia ni yuleyule ambaye kocha alimwona kwa macho.

Siku hizi laptopu yake ina karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: USIFUNGUE NA EXCEL. Nimeshamweleza kwamba kufungua hakuna shida, shida ni kusevu. Karatasi bado ipo.