Usimpe pole mwanafunzi aliyesema "sikupata tofauti"

"Binti, umevumbua nini hapa?"

Siku tatu za maonyesho ya kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza chuoni kwetu, swali hilo nimelisikia karibu kila banda. Nafundisha takwimu, na kila mwaka nawekwa kwenye kamati ya majaji, kwa hiyo nimelizoea. Ila siku ya mwisho aliulizwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ninayemsimamia, naye akajibu kwa sauti isiyotetereka: "Nimelinganisha chungu na kikapu katika kuhifadhi nyanya. Sikupata tofauti." Mgeni akamtazama kwa huruma. "Pole sana, usikate tamaa, mwakani utapata." Akahamia banda la jirani, ambako kuna taa ilikuwa inawaka na kuzima kwa kupigiwa makofi.

Naandika kwa sababu ya ile pole.

Kwanza lugha. Kuvumbua ni kukileta kitu ambacho hakikuwapo au hakikuonekana. Kubuni ni kukipa umbo kutoka kichwani. Kutafiti ni kuuliza swali kwa utaratibu ambao mwingine anaweza kuurudia akaona kama utamfikisha ulikofika. Ubunifu una jukwaa lake, na ninaliheshimu: MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yalianzishwa mwaka 2019 mahsusi kwa ajili ya wabunifu, na pale ukimuuliza mtu kifaa chake kinafanya kazi gani hujamkosea. Lakini bango la utafiti si kifaa. Linaulizwa mambo mengine: ulijuaje, ulilinganisha na nini, na nini kingekufanya ubadili mawazo?

Sasa chungu chenyewe. Unatia chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, unaumwagia maji, unafunika kwa kitambaa kibichi. Maji yakipenya na kukauka ukutani huondoka na joto, kama mtungi wa maji ya kunywa. Mwalimu Mohammed Bah Abba aliusambaza mtindo huo kwa wakulima wa Jigawa, kaskazini mwa Nigeria, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Mwanafunzi wangu aliisoma habari hiyo akajiuliza: je, hapa Dar es Salaam?

Swali zuri sana hilo. Jigawa ni kukavu, Dar ni kunyevu. Chungu hakiwezi kushuka chini ya halijoto ya balbu nyevu, yaani ile inayosomwa na kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, na hiyo hutegemea unyevu wa hewa. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 30, kikomo kiko karibu na nyuzi 18. Kwenye nyuzi 30 zilezile na unyevu wa asilimia 80, kikomo ni kama nyuzi 27. Nyuzi tatu tu za nafuu, tena kwa chungu kinachofanya kazi bila kasoro yoyote. Kwa hiyo "sikupata tofauti" ni habari kwa mama muuza nyanya wa Dar anayetaka kutumia fedha yake kununua vyungu viwili na mchanga. Ni habari ya kumwokoa asile hasara. Nani anapewa pole kwa kumwokolea mtu fedha?

Hata hivyo, wapo pia wenzangu wanaokosea upande wa pili, na hao hunichosha zaidi kwa sababu wamesoma. Jaji mmoja alifurahia matokeo akasema: "Basi umethibitisha kwamba chungu na kikapu ni sawa." Hapana. Hakuthibitisha. Kutoona tofauti na kuonyesha kwamba tofauti haipo ni mambo mawili, na kinachoyatenganisha ni ukubwa wa jaribio.

Ukubwa wa jaribio, hapo ndipo tulipokesha mimi na mwanafunzi. Alikuwa na vyungu 6 na vikapu 6, kila kimoja nyanya 20. Rasimu ya kwanza ya bango ilisema "sampuli 120 kwa kila kundi". Nikaikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika 6. Akaumia. "Lakini mwalimu, nyanya nimezihesabu moja moja, kila asubuhi, wiki mbili." Najua. Nilimwona. Lakini yeye hakuigawia nyanya chungu au kikapu moja moja. Alichokigawa ni chombo. Nyanya 20 za chungu kimoja zinakaa kwenye hewa moja, moja ikishika ukungu inawaambukiza wenzake, na chungu kikiwa na ufa au kikikaa karibu na dirisha, zote 20 zinaumia pamoja. Ni kama kuingia nyumba moja, kuwauliza ndugu 20 bei ya dumu la maji, halafu kuandika kwamba umehoji kaya 20. Umehoji kaya moja yenye watu wengi.

Kosa hili lina jina, marudio bandia. Alilipa jina hilo mwanaikolojia Stuart Hurlbert mwaka 1984 baada ya kukagua makala za majaribio ya ikolojia, akakuta asilimia 48 ya zile zilizotumia takwimu kutolea hitimisho zimelifanya. Watu wazima, wenye shahada za uzamivu, kwenye majarida yanayoheshimika. Kwa hiyo simlaumu mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa kulaumiwa ni sisi tunaowafundisha kanuni ya jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili, bila kuwauliza ni kitu gani hasa kinahesabika. Kati ya mabango niliyoyapitia mwaka huu, nililiona hili tena na tena: samaki wa bwawa moja, miche ya kitalu kimoja, wanafunzi wa darasa moja.

Sasa 6 dhidi ya 6. Ili jaribio la ukubwa huo liwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti, tofauti yenyewe inapaswa kukaribia mara mbili ya mkengeuko sanifu wa vyungu, yaani kipimo cha jinsi vyungu vinavyotofautiana vyenyewe kwa vyenyewe. Tofauti ndogo kuliko hiyo, ingawa ina faida sokoni, ingeweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana tulifuta neno "sawa" kwenye bango tukaweka masafa: data hazikukataa kwamba chungu kinapunguza siku 1 ya uhai wa nyanya, wala kwamba kinaongeza siku 3. Sentensi hiyo haipigiwi makofi, ila ndiyo ya kweli kuliko zote zilizoandikwa ukumbini.

Tanzania ina mfano wake katika haya. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu unaganda kabla ya uliopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja shule ya Mkwawa, Iringa, kuzungumza na wanafunzi, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hiyo sehemu kila mtu anaisimulia. Isiyosimuliwa ni kwamba mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia majaribio kwa uangalifu, hawakuiona athari hiyo, na wakaonyesha kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita 1 tu kunatosha kuleta matokeo yanayofanana nayo. Mjadala haujafungwa. Je, Mpemba apewe pole? Swali lake limewafanyisha kazi wanafizikia kwa zaidi ya miaka 50.

Kuhusu kazi za sanaa nitasema kwa kifupi, maana nimeshalalamika kwenye vikao. Marekani kongamano la kitaifa la utafiti wa shahada ya kwanza, lililoanza mwaka 1987, hupokea muziki, maigizo na uchoraji sambamba na kemia. Kwetu wanafunzi wa sanaa huitwa kufungua sherehe kwa ngoma, kisha mgeni rasmi akikaa, wanaondoka. Aliyekusanya nyimbo za kilimo za kijiji kizima, akazinukuu na kuzitungia mchezo, anapewa dakika tano kabla ya hotuba. Fomu yetu ya alama ina safu ya "mbinu" na safu ya "matokeo"; hakuna aliyekaa kufikiri mchezo wa kuigiza ujazwe wapi. Hata mimi sijui niujaze wapi. Nimejaribu mara mbili kuandika fomu mbadala, na zote mbili nimeziacha.

Nina mashaka mengine. Nikisifia kila "sikupata tofauti", nitakuwa nawalinda pia waliofanya jaribio dogo kwa uvivu, na kwenye bango wavivu na waliokosa fedha za kununua vyungu vya kutosha wanafanana. Hilo natenganisha kwa kuongea na mwanafunzi, na kuongea hakupimiki. Tena, ile kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Kiasi gani cha bango ni kazi yake na kiasi gani ni yangu, nikiulizwa nitasita. Na lile elezo langu la unyevu, ambalo nimelitetea hapo juu kwa moyo wote, hakulipima. Hatukuwa na kipima unyevu ndani ya vyungu. Naliamini kwa sababu fizikia inalielekea, si kwa sababu data zake zimelisema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja pengo hilo, jioni, tukikunja bango. Ana mama mdogo Dodoma, ambako kiangazi hewa hukauka mpaka midomo inapasuka. Anataka kwenda likizo na vyungu 12, na kipima unyevu cha kuazima maabara. Jana amenitumia ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Nyanya ninunue Dodoma, au nizibebe kutoka Dar ziwe za tenga moja na zile za mwanzo?" Nimeanza kumjibu mara tatu.