Miaka 12 haimgeuzi mgeni kuwa mwenye nyumba

Nimeisikia tena imani kwamba mgeni akikaa miaka 12 nyumba inakuwa yake, safari hii kutoka kwa mtu mwenye shahada mbili. Mtoto wa shangazi yake alikuja Tabata kutafuta kazi, akapewa chumba cha uani, kazi akaipata, lakini chumba hakukiacha. Sasa anakaribia kutimiza miaka 12, na mwenyeji wake anaamini kwamba siku hiyo ikifika nyumba itakuwa ya mgeni kisheria. Kwa hofu hiyo alikuwa ameshaafikiana na vijana wa kubeba vyombo na fundi wa kubadilisha vitasa, na alinipigia simu si kuomba ushauri bali kupata baraka. Kazi yangu ni mashauri ya ardhi ya Tanzania Bara, na imani hii inaniletea watu waliokwisha kujiharibia kuliko ulaghai wowote wa madalali wa viwanja.

Haifi kwa sababu ina chembe ya kweli. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mtu anayedai ardhi miaka 12 ya kufungua shauri, ikihesabiwa tangu siku haki yake ya kudai ilipozaliwa. Sheria hiyo haisemi kwamba yeyote aliyelala ndani ya nyumba kwa miaka 12 anaimiliki. Inamfungia mlango mwenye mali aliyenyang'anywa au aliyeitelekeza mali yake akanyamaza, na hapo ndipo aliyeikalia anapoweza kudai kwamba ameipata kwa kuikalia. Mahakama ya Rufani ililifafanua dai la namna hiyo katika Rufaa ya Madai Na. 193 ya 2016, ambamo masista wa shirika moja la Kikatoliki walishindana na wananchi zaidi ya 100: anayedai lazima aonyeshe, pamoja na mengine, kwamba aliikalia ardhi waziwazi, kwa mfululizo, na bila idhini ya mwenyewe. Kenya nako kuna miaka 12, na huko mkaliaji anaweza hata kuiomba mahakama imsajili kuwa mmiliki, lakini huko pia aliyeingia kwa ruhusa hapiti.

Mgeni aliingia kwa ruhusa. Ulimfungulia mlango, ukampa godoro, pengine ulimpokea kituo cha basi. Sheria inamwita mwalikwa, na msimamo wa Mahakama ya Rufani juu ya mwalikwa haujaacha mwanya: katika Rufaa ya Madai Na. 101 ya 2018 ilieleza kwamba mwalikwa hawezi kumtoa mwenyeji wake katika ardhi, hata akae muda mrefu kiasi gani na hata aiendeleze namna gani. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowashangaza wageni, kwa maana wengi huja kwenye baraza la ardhi na bahasha ya risiti za saruji, mabati na nondo, wakizishika kana kwamba ni hati. Risiti ya saruji inathibitisha kwamba ulinunua saruji. Inaweza kukusaidia kuomba ufidiwe ulichojenga kwa ruhusa ya mwenyeji, na mimi huwashauri wenyeji walijadili jambo hilo mapema kwa sababu hupunguza ugomvi, lakini haihamishi umiliki. Wahenga waliposema siku ya tatu mgeni apewe jembe, hawakutuambia la kufanya akishalima na kupanda minazi, na kwa wazee wengi wa Pwani mnazi ni ushahidi kuliko karatasi. Ukimpa mgeni shamba, mwambie mbele ya watu kwamba asipande mazao ya kudumu.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni wale wanaoielewa nusu ya kwanza na kuiachia hapohapo. Mtu akishaambiwa kwamba mgeni hawezi kuwa mmiliki, anakwenda kulala usingizi. Ruhusa ndiyo inayomzuia mgeni asidai, kwa hiyo ruhusa ikiondolewa kizuizi nacho kinaondoka. Siku unapomwandikia barua ya kumtaka ahame ifikapo tarehe fulani, na tarehe hiyo ikapita naye yumo ndani, kuanzia hapo anakaa bila idhini yako, haki yako ya kumshtaki imezaliwa, na saa ya miaka 12 ambayo haikuwa ikitembea imeanza kutembea. Barua ni silaha nzuri kwa anayekusudia kuitumia. Kwa anayeandika barua kali mwaka huu, akaogopa maneno ya ukoo, akaandika nyingine baada ya miaka minne, kisha akaiachia familia ilizungumze kila Krismasi, barua hizohizo ndizo zitakazokuwa ushahidi wa mgeni kwamba amekaa kinyume na matakwa ya mwenyeji, waziwazi na kwa mfululizo. Nimewaona mawakili wenzangu wakiviambatisha vielelezo vya namna hiyo wenyewe, kwa fahari, kana kwamba idadi ya barua ni kipimo cha uvumilivu. Ukiandika barua, ifuatishe na hatua. Kama hujawa tayari kwa hatua, zungumza naye kwanza na uache kuandika.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe nasita, nalo ni kifo cha mwenyeji. Vitabu hupita hapo haraka, vikisema ruhusa ya mgeni ni jambo la kati ya mtu na mtu na hufa pamoja na aliyeitoa, na Sheria ya Ukomo inahesabu madai ya ardhi ya marehemu aliyefariki akiimiliki kuanzia siku ya kifo. Lakini tuchukue mjane na watoto walioendelea kumpikia mgeni yuleyule, wakamwita baba mdogo, wakamkalisha mbele kwenye arobaini: je, hawakumkaribisha upya? Nadhani walimkaribisha, na nimejenga hoja hiyo, ila singeweka nyumba ya mtu rehani juu yake. Ninahesabu kuanzia siku ya kifo na kuharakisha. Kuharakisha huko huanzia kwenye mirathi, kwa kuwa mrithi asiyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi hana mamlaka ya kumshtaki mtu kwa mali ya marehemu, hata kama kila jirani anajua kwamba nyumba ni ya baba yake. Kesi nyingi za wageni wasioondoka zinakufia hapo, kabla mgeni hajafungua mdomo.

Hakikisha pia kwamba unayemwita mgeni ni mgeni. Kuchangia umeme wa LUKU au kununua unga hakumfanyi mtu kuwa mpangaji. Kiasi kilekile kinachotumwa kwa simu kila mwezi, tena mwenyeji akijibu kwa ujumbe, "Nimepokea kodi, asante", ni jambo jingine kabisa, na ujumbe huo nimeusoma kwa macho yangu katika simu ya mteja aliyekuwa ameniapia kwamba hajawahi kumtoza ndugu yake hata senti; mpangaji ana haki zake za notisi na hatuwezi kuziruka. Na mwenza wa chumba kimoja si mgeni hata kidogo. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakatambulika kwa watu kama mke na mume, wanadhaniwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Anayeniambia kwamba "yule dada alikuja tu kutembea" ilhali wana watoto wawili, namwelekeza kwa mwenzangu anayeshughulikia ndoa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Barua yenye tarehe na muda wa kutosha wa kuhama, ikipokelewa mbele ya shahidi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anafaa sana kuwa shahidi huyo, lakini hana uwezo wa kuamua nani atoke. Muda ukiisha, unakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa linatoa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kuendelea bila hicho cheti. Kinachofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ukishinda, anayemtoa mgeni ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi.

"Kwa nini nisiite polisi?" Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa la mtu aliyeingia kihalali kisha akabaki isivyo halali, ila abaki kwa nia ya kutisha, kutukana au kuudhi. Mgeni mjanja haonyeshi nia hiyo. Anasema tu kwamba nyumba ni ya ukoo, na mara umiliki unapobishaniwa, polisi watakurudisha kwenye baraza la ardhi, nao wako sahihi. Kuhusu kumtoa kwa mikono yako, mafundisho ya kale ya sheria za Kiingereza tulizozirithi yanasema mwenyeji anaweza kutumia nguvu ya kadiri kumtoa mtu ambaye ruhusa yake imekwisha. Sijui kadiri hiyo inaishia wapi saa 12 asubuhi, vijana wanne wakiwa mlangoni na watoto wa mgeni wakilia, na sijakutana na hakimu aliyefurahi kuulizwa. Ninachokiona baada ya hapo ni shauri la shambulio au la kuharibu mali, friji ambayo thamani yake imepanda maradufu tangu ilipogusa vumbi, na mwenye nyumba aliyekuwa na haki yote akijieleza kama mshtakiwa. Bati likiezuliwa, hali ni hiyohiyo. Yule fundi wa vitasa aitwe siku dalali wa mahakama atakapokuwepo, na orodha ya vyombo iandikwe palepale na kusainiwa, kuanzia kitanda hadi sufuria.