Je, wajua kwamba meza haikutokana na kumeza?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaeleza wengine bila kuulizwa, kwamba meza iliitwa meza kwa sababu ndipo watu wanapomezea chakula. Hoja ilikaa vizuri: umbo ni lile lile, maana zinagusana, na kila aliyeisikia alitikisa kichwa kukubali. Kasoro yake ni moja tu, kwamba si kweli.

Meza ya mbao ni Kireno, mesa. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na Waomani wakaiteka mwaka 1698. Katika karne hizo mbili waliacha maneno: bendera kutoka bandeira, leso kutoka lenço, mvinyo kutoka vinho, na gereza kutoka igreja, ambalo kwao ni kanisa (jinsi kanisa lilivyogeuka jela ni hadithi ya siku nyingine). Meza imo kwenye shehena hiyo. Hata sauti inashuhudia: Wareno huandika s, lakini ikiwa katikati ya vokali huitamka z, nasi tuliazima kwa sikio.

Kumeza ni Kibantu tangu asili. Waganda husema okumira, Washona kumedza. Na ukitaka nomino yenye undugu wa kweli na kumeza, ipo kooni mwako: umio, ambao kwa Kiganda ni omumiro.

Kinachonikera ni kwamba sarufi ilinionya nami sikusikia. Kiswahili kikitengeneza jina la kifaa kutokana na kitenzi, kwa kawaida hukibadilisha vazi: kuziba huzaa kizibo, kufunika kifuniko, kufagia ufagio. Samani ya kumezea ingeitwa kitu kama kimezo. Shina la kitenzi kutoka hivi hivi, bila kiambishi wala badiliko la mwisho, na kugeuka jina la samani, ni jambo la kutiliwa shaka. Lakini umbo lilikuwa limekwisha kunishika, na mtu akishashikwa na umbo huanza kutunga maana ya kuliunga mkono. Maana hazikatai. Kati ya maneno yoyote mawili utapata daraja ukilitafuta kwa bidii: papa wa baharini na Papa wa Roma wangeweza kupewa hadithi ya kuwaunganisha kabla chai haijapoa.

Tuliyozoea ni homonimu, yaani maneno yenye umbo moja na maana tofauti, za ndani ya lugha moja. Kaa la moto na kukaa kitini yanafanana kwetu, na katika yote mawili Kiswahili kilimeza l iliyokuwa katikati ya vokali. Kichewa hakikuimeza, kwa hiyo huko mkaa ni makala, kukaa ni kukhala, na njaa yetu ni njala. Maneno mawili yaliyokuwa na sura tofauti yalisuguliwa mpaka yakafanana.

Msuguano huo ndio kiini cha jambo lote. Fikiria kokoto za mtoni. Moja ilibanduka mlima huu, nyingine mlima ule, zote zikiwa na pembe kali. Maji yakazibiringisha karne baada ya karne, yakazimega pembe, na mwishoni ukaziokota zikiwa mviringo kabisa, zinalingana kiganjani. Ukizitazama sura utaapa ni vipande vya jiwe moja. Ukitaka kujua zilikotoka, lazima upande mto.

Kokoto niipendayo kuliko zote iko Australia. Katika miaka ya 1960 mwanaisimu R. M. W. Dixon alikuwa akikusanya maneno ya Kimbabaram, lugha ya kaskazini mwa Queensland, akaambiwa kwamba mbwa kwa lugha hiyo ni dog. Ni karibu matamshi yale yale ya Kiingereza, na maana ile ile. Mtu yeyote angedhani ni mkopo. Lakini lugha za jirani zilionyesha mto ulikopita: Kiyidiny kina gudaga, Kidyirbal kina guda. Kimbabaram kilikuwa na mazoea ya kudondosha mwanzo wa maneno, kikabadili na vokali, na gudaga ikasagika hadi ikabaki dog. Dog ya Kiingereza ilitoka docga ya Kiingereza cha kale, ambayo asili yake hadi leo ni fumbo. Mbwa wawili, jina moja, na hawajawahi kukutana.

Je, ni muujiza? Tupige hesabu. Chukua lugha mbili za kubuni, kila moja ina konsonanti 20 na vokali 5, na silabi zake zote ni za aina ya ba, ke, mo. Silabi zinazowezekana ni 100, na maneno ya silabi mbili ni 10,000. Kila lugha ichague maneno 1,000 kwa kura, bila kuchungulia ya mwenzake. Kwa wastani, maneno 100 yatatokea kwa umbo lile lile katika lugha zote mbili. Lugha halisi hazipigi kura, na sauti hazitumiki kwa usawa, kwa hiyo hesabu hii ni mchoro tu. Hata hivyo, duniani kuna lugha kama 7,000, yaani jozi zaidi ya milioni 24. Muujiza ungekuwa kutopata dog hata mmoja.

Ndiyo maana si yetu ya kukana na sí ya Kihispania ya kukubali zinaishi kwa amani zikisema mambo kinyume. Ndiyo maana pia arigatō ya Kijapani haikutoka kwa obrigado ya Wareno, ingawa zote ni za kushukuru: Wareno walifika Japani mwaka 1543, na mzizi wa arigatō ulikuwa umeandikwa huko karne kadhaa kabla.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba ndugu wa kweli mara nyingi hawafanani. Kuwa na kitu ni habere kwa Kilatini na haben kwa Kijerumani. Lugha hizo zina babu mmoja, kwa hiyo ungesema hapa hakuna mjadala. Tatizo ni kwamba h ya mwanzo ya Kijerumani hulingana na c ya Kilatini: pembe ni Horn na cornu, moyo ni Herz na cor, mia ni hundert na centum. Kwa kanuni hiyo, ndugu wa haben ni capere, kukamata. Na habere kwa kawaida huunganishwa na geben, kutoa.

Mama na baba ziko kando ya mashtaka haya. Sauti za midomo ndizo huwahi kinywani mwa mtoto mchanga, na wazazi huzichukua kuwa majina yao, ndiyo sababu lugha zisizojuana hata kidogo zina mama. Hata hapo kuna mkorofi: kwa Kigeorgia, neno mama maana yake ni baba.

Nirudi kwenye meza, kwa kuwa haijaniacha salama. Baada ya kujirekebisha na kutangaza Kireno kwa majivuno mapya, nilikutana na miz ya Kiajemi na mez ya Kihindi. Zote mbili ni meza. Ya Kiajemi ni ya zamani, imo hata ndani ya mizban, mwenyeji wa wageni, na Waajemi walituachia neno bandari kabla Wareno hawajaiona pwani hii. Wataalamu wengi bado huiweka meza kwa Wareno, na a ya mwisho inawaunga mkono, maana mesa inayo na miz haina. Nami nasema Kireno. Ila siku hizi nasema bila kugonga meza.