Nyumbani kuna bunduki? Maswali mnayoniuliza kila siku

Nafanya kazi kliniki ya watoto hapa Marekani na familia nyingi za kwetu, Wakongo, Wakenya, Wabongo, zinapita mikononi mwangu. Kwenye fomu kuna hilo swali la bunduki na wengi mnajibu "hapana" hata kabla sijamaliza kulisoma.

Swali: Nasikia bunduki majumbani zinapungua huku, kweli?
Jibu: Inategemea kauliza nani. General Social Survey, sarvei kubwa ya kitaifa ya watafiti wa chuo kikuu, wanauliza tangu 1973, wakati ule karibu nusu ya kaya zilisema zinayo, kufika 2014 ikawa kama theluthi moja. Mwaka huohuo 2014 Gallup, kampuni ya kura za maoni, walipata asilimia 42. Nchi moja, swali lilelile, majibu mbalimbali.

Swali: Si wahesabu tu bunduki zenyewe?
Jibu: Daftari hakuna. Sheria ya 1986 inakataza serikali kuu kuweka orodha ya wenye bunduki, kwahiyo kilichobaki ni kuuliza watu. Watafiti wengine wanaangalia kati ya waliojiua wangapi walitumia bunduki, ndo wanakisia zilizopo jimboni. Kipimo cha kusikitisha lakini kinatumika.

Swali: Kwahiyo watu wanadanganya?
Jibu: Wengine wanaficha, wengine hawajui. Kwenye sarvei hizi wanaume wenye ndoa wanasema "ipo" zaidi kuliko wanawake wenye ndoa, wakati nyumba ni zilezile! Nayaona hayo hapahapa, mama anasema hapana, baba kainamia simu ghafla. Mama, muulize mwenzio leo.

Swali: Nikisema ndiyo si mtaniitia polisi?
Jibu: Hatumpigii mtu polisi kwa sababu kasema ana bunduki. Jibu linaingia kwenye faili la matibabu, basi. Na tafadhali msimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri swali hilo, ombeni mkalimani wa kliniki, ni bure.

Swali: Ya kwangu nimeificha, watoto hawajui ilipo.
Jibu: Wanajua.

Swali: Hapana dada, iko juu kabisa ya kabati.
Jibu: Wanajua! Kuna utafiti wa Alabama wa 2006, wazazi waliosema mtoto hajui bunduki inapokaa, asilimia 39 walikanushwa na watoto wao wenyewe. Chini ya godoro wanajua, ndani ya sanduku la vitenge wanajua, kuficha sio kufunga jamani. Itoe risasi, ifungie kwenye sefu, risasi zifungie kivyake. Vituo vingi vya polisi vinagawa kufuli bure.

Swali: Wangu ana miaka 16, ana akili zake.
Jibu: Huyo ndo ananinyima usingizi kuliko wa miaka 4. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu kujiua, na anayejaribu kwa bunduki karibu 9 kati ya 10 hawaponi, wakati waliomeza vidonge wengi tunawawahi. Sasa mtoto kajifungia chumbani wiki nzima, hali chakula, anasema bora asingezaliwa, nyie mnasema ni ujana tu, tusubiri mwisho wa mwezi tuone. Msisubiri! Bunduki itoke nyumbani leo, sio baada ya kuongea naye, leo, halafu mlete. Ikiwa usiku piga 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, ukitaka mkalimani mwombe, kama kashaishika bunduki piga 911, simu ya dharura.